Mlima wa Baba Bundi

Jumanne, 14 Oktoba 1997

Nimefika Timau, na mvua imefika nami. Kiende alinionya kwamba kwao kuna baridi, nikadhani ni baridi ya kuvaa sweta. Kumbe ni ya kuvaa sweta, koti na kofia ya sufu, halafu bado uketi karibu na moto. Vidole havikunjiki vizuri kuandika haya. Mtu wa Gachoka, kwetu Mbeere, aliyezoea jua kali amefuata nini huku?

Najua nilichofuata, wacha nikiandike nisije nikajidanganya. Nimekuja kumtafuta Kiende kwa njia ya ukuta. Baba yake, Mzee Elphas, ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa lao jipya. Aliposikia kwamba kijana anayemtaka binti yake huchora mabango ya bucha na saluni huko Embu, alikunywa kwanza chai yake yote, ndipo akamwambia Kiende: "Kamati imetaka mlima nyuma ya mimbari. Aje auchore. Nikishauona nitajua kama wazee wake waje kubisha hodi au wakae kwao."

Basi, ndiyo hivyo. Kanisa litawekwa wakfu Desemba katikati. Nimepewa chumba kando ya jikoni, na mama yake Kiende amenipa blanketi la pili bila kuombwa. Mama ninampenda tayari. Mzee bado.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ukuta ni mzuri, mpana, plasta yake haina hata ufa. Taabu ni mlima wenyewe. Hauonekani. Kila ninayemuuliza ananyoosha kidevu upande wa kusini na kusema "uko hapo", nami naona ukungu tu na mvua.

Nimemfuata Mzee zizini. "Mzee, unautaka mlima wa asubuhi au wa jioni? Theluji iwe nyingi au kidogo?"

"Uchore ulivyo."

"Ulivyo vipi, Mzee?"

"Si wewe ndiye fundi?" Akainama akaendelea kukamua. Mtu huyu maneno yake yanahesabika, na mimi nategemea neno lake moja kupata mke.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumesali kwenye kanisa la zamani la mabati. Mvua ilipiga juu yetu hata Mchungaji Mutugi akaacha kuhubiri, tukaimba tu. Baadaye nimetambulishwa kwa kila mtu. Hapa hakuna anayemwita Mzee kwa jina lake, wala mke wake hawamwiti Karambu. Ni Baba Bundi na Mama Bundi. Hata kwetu ni hivyo, mzazi hubeba jina la kifungua mimba. Lakini mimi katika nyumba hii namjua Kiende, anayefanya kazi kwenye shamba la maua na kuja nyumbani Jumapili, na kaka yake Misheck, mwalimu wa jiografia hapo sekondari. Bundi sijamwona.

Tukiwa jikoni nikauliza, "Mama, huyu Bundi yuko wapi?"

"Ni mtoto wangu wa kwanza," akasema, akanimiminia chai mpaka ikafurika kikombe. Nadhani anafanya kazi mbali, Mombasa huko. Watakuwa wamekosana naye.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Mlima hakuna.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo nimechekwa mbele ya watu, na sijui hata nikasirike au nicheke nao.

Nilichoka kungoja, nikachora mistari ya mlima kwa makaa, kama ninavyoujua tangu nikiwa mdogo. Akina mama wa ushirika walikuja kusugua saruji iliyoganda sakafuni. Mmoja akasimama akaangalia, akauliza, "Hiki ni nini?"

"Ni mlima."

"Mlima gani?"

Wakaitana. Wakacheka, jamani, mmoja akaketi juu ya ndoo yake ya maji. Mama Bundi peke yake alinihurumia. "Mwanangu," akasema, "umetuchorea mgongo wake. Kile kilele kidogo hukaa mkono wa kushoto, wewe umekitupa kulia."

Nikawaambia mgongo mnao nyinyi. Sisi wa upande wa Embu ndio tunaouona uso, na Mungu aliuweka uso kule makusudi, penye watu. Hebu ungesikia kelele! Mchungaji aliingia akidhani kuna aliyeanguka kutoka jukwaani. Alipoelezwa, naye akasema kwa uso wa kazi kabisa kwamba mbele ni huku, hata watalii hupandia huku.

Misheck ndiye aliyenitoa gizani. Aliweka vikombe viwili na kibakuli cha sukari juu ya benchi, akanisimamisha upande mmoja kisha upande wa pili. Kibakuli kikahama kutoka kulia kwenda kushoto. Niliona haya. Nilijua mlima una upande mwingine, lakini haikunipitia akilini kwamba watu wa upande huo nao wanaamini wao ndio wako mbele.

Nimefuta makaa yote. Sasa nichore nini? Mmoja ananiambia una meno mawili, mwingine matatu. Mwingine anasema ni mweusi kuliko mweupe. Mama Bundi alianza kunieleza unavyokuwa kukipambazuka, akaishia katikati, akachukua ndoo yake akatoka. Nilimkosea wapi?

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Misheck anasema redio imeipa jina, El Nino. Mama Bundi anaiita Nino, na anaigombeza kwa jina hilo kila asubuhi.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo Misheck ameniletea kitabu kikubwa cha picha kutoka maktaba ya shule yao, kizito cha kubebwa kwa mikono miwili. Ni picha za mandhari zilizochorwa na watu wa nchi za mbali, zamani sana. Nilikuwa nakifungua kwa uvivu nikafika sehemu ya volkano, na tangu hapo sijakifunga.

Katika picha moja mlima unatapika moto usiku. Uji wa moto unashuka ubavuni, mawingu yamekuwa mekundu kwa chini, na pembeni kabisa kuna watu wamesimama, wadogo, hata sura hawana. Mmoja ameinua mikono. Siwezi kujua kama anaomba au anashangilia. Katika picha nyingine mlima ni ule ule, mchana, na moshi mwembamba tu unatoka kileleni. Hapo chini ng'ombe wanakula, mtu amelala kivulini na kofia usoni. Hii ya pili ndiyo iliyonitia baridi zaidi, na sielewi kwa nini, maana haina kitu cha kutisha.

"Walikuwa wanazipenda volkano kwa nini hivi?" nikamuuliza Misheck.

"Utachoraje nguvu ya maumbile? Haina sura. Wakaona mlima wa moto, wakasema hii hapa sura yake. Walitaka usimame mbele ya picha ujue wewe si kitu."

"Na bado imependeza."

"Ndiyo, imependeza. Na mlima wetu ulikuwa hivyo hivyo, unajua?"

"Wacha mzaha, Mwalimu."

"Mzaha gani? Ulikuwa mrefu kuliko sasa, kabla ya watu. Ukatapika mpaka ukamaliza. Hizo ncha unazozitafuta kuzichora ni uji uliogandia kooni, sehemu zingine zimeliwa na mvua na barafu. Udongo huu unaotupa ngano na viazi ni matapishi yake."

Tangu utotoni naambiwa mlima ni wa amani, ni wa baraka, wazee wa zamani waliuelekea wakiomba. Hakuna aliyeniambia una koo. Sasa nikichora theluji na jua linachomoza, kama kalenda za bure za dukani, nitakuwa nimechora nini?

Jumanne, 4 Novemba

Nimesafisha brashi. Nimeangalia ukuta.

Jumanne, 11 Novemba

Daraja la chini limechukuliwa na maji. Kutwa nzima tumesikia mawe yakibingirika mtoni, makubwa, ardhi ikitetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimwambia, "Mzee, ingia, unalowa." Hakunisikia, au alijifanya hajasikia. Alikuwa akitazama upande ule usioonekana kitu.

Nami nikaingia kanisani nikaanza kuchora. Sikuamua. Mkono ulichukua rangi nyekundu. Nimechora mlima kwa upande wa Timau, kilele kidogo kushoto kama walivyotaka, lakini wazi kileleni, unatapika. Nimepiga machungwa juu ya nyekundu, nikaweka majivu, nikashusha moto mpaka karibu na mimbari. Sijawahi kuchora hivi. Mimi ni mtu wa kuchora vichwa vya ng'ombe na nywele za kusukwa!

Ijumaa, 14 Novemba

Mchungaji Mutugi amenikuta juu ya jukwaa. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Gitari, hii ni jehanamu?"

"Ni mlima, Mchungaji. Ulivyokuwa zamani."

"Mimi huhubiri nguvu ya Mungu. Hii ni nguvu ya maumbile."

"Si ni kitu kimoja?"

Nilitegemea anikemee. Badala yake alifikiri, akasema polepole, "Kuna siku naona ni kimoja. Kuna siku sijui." Halafu akawa mchungaji tena. "Funika kwa turubai. Kamati haitalikubali jambo hili. Na Baba Bundi asiuone."

"Yeye ndiye aliyeniita."

"Asiuone tu, kijana. Nakuomba."

Haya, nimefunika. Lakini nikiuliza jambo hapa napewa chai au naombwa nisiulize. Nimechoka na watu hawa.

Jumatatu, 17 Novemba

Kuna mtu ameingia kanisani kabla yangu. Turubai limerudishwa vibaya, pembe moja imening'inia. Benchi la mbele limegeuzwa kuelekea ukuta, na chini yake kuna matope ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Mtu ameketi hapo akatazama kazi yangu kwa muda wake wote. Ni kamati, nani mwingine? Wanakusanya ushahidi.

Ijumaa, 21 Novemba

Tena. Benchi limegeuzwa, matope yale yale. Nimemuuliza Misheck, ameapa si yeye. Mchungaji havai gambuti, ana viatu vyake vya ngozi anavyovionea huruma hata katika tope.

Jumatano, 26 Novemba

Tena. Nimemaliza majivu. Sijui kama nimechora kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora au nimejichimbia shimo. Asubuhi nasema kizuri, jioni nasema shimo.

Jumapili, 30 Novemba

Niandike habari za Kiende kwanza, kwa sababu bado namwona.

Alikuja kutoka shamba la maua na vidole vyake vimejaa mikwaruzo ya miba ya waridi. Baada ya ibada nilimshika mkono nikampeleka kanisa jipya. Nilitaka awe wa kwanza kuniambia. Nikavuta turubai kwa mbwembwe, kama mtu anayefungua pazia la mchezo. Yeye akaketi chini pale pale, kwenye saruji, na gauni lake la Jumapili.

"Baba ameuona huu?"

"Bado. Mchungaji alisema asiuone. Kwani kuna nini, Kiende? Nyumba yenu yote inaongea nusu nusu. Mimi ni mgeni, lakini si mjinga."

Akasema, "Gitari, Bundi alikufa huko juu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akanieleza yote, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Bundi alikuwa mpagazi. Aliwabebea wageni mizigo. Mwaka aliopotea mvua zilikuwa nyingi, wakageuka kabla ya kufika kileleni. Waliposhuka nusu ya njia wakagundua begi moja limeachwa kambini, na Bundi akarudi peke yake kulichukua. Wageni walishuka. Yeye hakushuka. Walimtafuta, Baba mwenyewe akapanda na wanaume wa hapa, wakapata begi limewekwa vizuri juu ya jiwe, na Bundi hawakumpata. Mpaka leo.

"Kwa hiyo hatusemi marehemu," Kiende akasema. "Hatukuzika, tutasemaje marehemu? Hakukuwa na matanga. Watu walikuja wakakaa, hawakujua waimbe nini, wakaenda kwao. Wakabaki kuwaita Baba Bundi na Mama Bundi, na hao wakabaki kuitika. Mimi nilitaka kukuambia. Kila nikifungua mdomo naona kama mimi ndiye ninayemuua."

Mimi nilikuwa nimesimama na turubai mkononi, na nyuma yangu mlima ule unatapika moto mkubwa kuliko mlango, nilioujaza kila aina ya nyekundu niliyonayo. Nimemchorea mzee huyu kinywa kilichommeza mwanawe. Na nilikuwa nikijipongeza!

"Nitaufuta," nikasema.

"Sijakuambia ufute."

"Unataka auone hivi siku ya kuwekwa wakfu, mbele ya watu wote?"

Alikuwa bado anautazama. Kisha akainuka akajipangusa gauni, akasema wanamngoja mezani. Nami sikulala. Nilifikiria wazee wangu kule Gachoka, ambao wameshaniuliza kupitia kwa kaka yangu kama waanze kujiandaa.

Jumanne, 2 Desemba

Nyeupe juu ya nyekundu. Mpako wa kwanza umetoka wa waridi, kama kidonda kinachopona. Nimepaka tena.

Alhamisi, 4 Desemba

Theluji kileleni, anga la buluu, jua linachomoza. Mbele nimeweka shamba la ngano. Mchungaji amefurahi, akanipiga bega. "Sasa hapo," akasema. Nimefunika kwa turubai, ili watu wauone siku yenyewe.

Jumamosi, 6 Desemba

Mtu wa gambuti amekuja. Safari hii turubai liko sakafuni, na benchi limerudishwa mahali pake, likielekea mimbari. Nadhani ameridhika. Mpelelezi ameona hakuna kosa.

Jumapili, 14 Desemba

Kanisa limewekwa wakfu. Watu walikuja na miavuli, na mifuko ya plastiki vichwani, wakajaa mpaka nje. Turubai liliposhushwa walipiga makofi na vigelegele. Akina mama walionicheka walinipigia kelele, "Sasa huo ndio uso wake!" Nilisimamishwa. Niliinama. Ningepaswa kufurahi.

Nilimtafuta Mzee kwa macho. Alikuwa kiti cha mbele, mwenyekiti wa kamati, suti yake ya kijivu, akiitazama mikono yake muda wote. Ukutani hakuangalia hata mara moja. Chakula kilipopakuliwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Mama Bundi alinipa sahani iliyojaa nyama, akaniambia, "Kula tu, mwanangu," lakini yeye hakula.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeitwa sebuleni. Mzee alikuwa peke yake. Naandika alivyosema, kwa sababu hajawahi kusema maneno mengi hivi mbele yangu.

"Ule wa kwanza umeupeleka wapi?"

"Upi, Mzee?"

"Usijifanye. Wenye moto."

"Mzee aliuona?"

"Ufunguo wa kanisa anao nani? Mimi ni mwenyekiti. Nikishakamua naenda, naketi. Nimeketi pale asubuhi nyingi." Akaziangalia gambuti zake kando ya mlango, nami nikaziangalia. "Sikiliza wewe mtoto wa Mbeere. Miaka yote hii watu wananiambia mlima ni mzuri. Redio inasema, wageni wanasema, kwaya inauimbia hapo mbele yangu, nami napiga makofi. Nimekaa nao hapa nyuma ya nyumba yangu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia ninachokijua. Wewe ukaja ukauchora na kinywa. Nikasema, huyu ameuona. Sikuwa nimelia, unajua? Hakukuwa na mahali. Nikapata mahali. Halafu ukaja ukaufunika shuka jeupe kama wenzako."

"Samahani, Mzee."

"Sikuuliza samahani. Nimeuliza uliufunika kwa nini?"

Nilisema samahani tena, kama kasuku.

"Basi," akasema. "Anayenificha jambo ukutani, nyumbani atanificha mangapi? Wazee wako wakae kwao."

Jumanne, 16 Desemba

Nimefunga mfuko. Barabara haipitiki, nimefungua mfuko.

Sielewi kitu. Ningeacha moto, kanisa lote lingenitupia mawe. Nilipoweka theluji, kanisa lote likapiga makofi, na mtu mmoja niliyemtaka akanifungia mlango. Mchungaji aliniambia nimfiche. Kiende hakuniambia nifute, wala hakuniambia niache. Nani alikuwa sahihi? Nimemkasirikia kila mtu kwa zamu, nikarudi kwangu mwenyewe.

Jumatano, 17 Desemba

Kiende ameomba ruhusa kazini akaja kwa miguu kutoka barabara kuu, amelowa chapachapa. Nilidhani amekuja kuniaga.

"Baba alikuuliza swali," akasema. "Ulimjibu?"

"Nilimwomba msamaha."

"Hakuuliza msamaha. Wewe nawe! Nenda umjibu. Halafu ukitaka kwenda Gachoka, nenda, lakini usiende na jibu lake mfukoni."

"Jibu lenyewe halipendezi, Kiende."

"Mimi nimekuambia ni la kupendeza?"

Alhamisi, 18 Desemba

Nimemjibu. Nilimkuta zizini, nikaona afadhali hapo, maana asingeweza kuniacha na ng'ombe katikati ya kukamuliwa.

"Mzee, mtu angedhani nilifunika kwa kukuhurumia. Hata mimi nilijidanganya hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa ukiuona utanifukuza, nimkose Kiende. Huruma nilikuja kuiongeza baadaye, ili jambo lionekane zuri."

Maziwa yaliendelea kuingia ndooni. Nilikuwa karibu kuondoka.

"Bundi naye alikuwa mwoga," akasema. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Mwoga kabisa. Unadhani alirudi kule juu kwa ushujaa? Ilikuwa begi la nguo tu. Aliogopa kuambiwa amepoteza mzigo wa watu. Watu husema alikuwa jasiri, wakidhani wananifariji. Alikuwa mtoto mwoga, mcheshi, anapenda uji wa wimbi wa Mama yake, na nilimpenda hivyo hivyo." Akajifuta uso kwa mkono wenye maziwa. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Ng'ombe alitugeukia akatutazama wote wawili.

Baadaye akainuka na ndoo. "Kanisa lina mlima wake, liwe nao. Njoo."

Alinipeleka sebuleni, akaondoa picha ya harusi yake na kalenda kwenye ukuta wa kusini, ule usio na dirisha. "Hapa. Chora wangu."

Jumanne, 23 Desemba

Nimechora siku nzima na nusu ya jana. Rangi ya maji, ile iliyobaki ya kanisani. Mzee ameketi nyuma yangu na hakusema nichore nini, ila aliposema "zaidi" nikaongeza nyekundu. Mama Bundi alikuwa akipita kwenda na kurudi jikoni, kila mara akijifanya hatazami. Mara moja akasimama. Akauliza, akimwangalia mumewe, si mimi, "Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukiuona?"

"Ndivyo."

"Mbona hukuniambia, Baba Bundi? Mimi pia ndivyo."

Niliendelea kuchora, maana sikuwa na ruhusa ya kugeuka. Nilimsikia Mzee akisogea kwenye benchi, na Mama akiketi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Misheck ametaja jina la kaka yake kwenye sala ya chakula. Alisema "marehemu Bundi", akasita akamwangalia baba yake. Mzee akasema "Amina" kwa sauti, kisha wote tukasema. Mama aliweka kijiko chini, akalia, akakichukua tena, akala. Kiende alinishika mkono chini ya meza mbele ya wote, na hakuna aliyetukemea.

Kuhusu wazee wangu, hakuna aliyesema neno. Nami sijathubutu kuuliza. Je, kuchora ule ukuta ni kusamehewa, au ni kazi tu? Nikimuuliza Kiende ananiambia "ngoja".

Jumamosi, 27 Desemba

Mvua bado. Ukuta wa sebuleni haukauki. Ukiugusa unatoka na nyekundu kidoleni, na hewa hii ya maji haitausaidia.

Leo asubuhi nikajikaza. "Mzee, kazi imeisha. Barabara imefunguliwa. Nataka kujua niwaambie nini nyumbani."

Aliutazama ukuta muda mrefu, akaugusa kwa kidole, akakipangusa kidole kwenye suruali. "Rangi ikikauka," akasema, "waje."

Nikasimama hapo kama mtu aliyepigwa. Ikikauka lini? Na baridi hii, na Nino huyu wa Mama, inaweza kumaliza mwezi! Nilikwenda kwa Kiende jikoni nikamwambia baba yako amenikubali au amenifukuza kwa adabu, niambie wewe, mimi sijui tena. Akanicheka. Akasema niende nikajionee mwenyewe.

Nilirudi sebuleni. Mzee alikuwa amelibeba jiko la makaa kutoka uani, limewaka vizuri, ameliweka chini ya ukuta. Alikuwa amepiga magoti mbele yake na kipande cha boksi, anapepea.